Formile Tunazijua, Lakini Fizika Je?



Nina ulizo moja. Embe imetupwa juu. Imekwisha kutoka mkononi na ingali inapanda. Tuache hewa kando: nguvu gani inafanya kazi juu yake? Niliuliza wenzangu, wengi wakajibu: nguvu ya mkono ingali ndani yake. Hapana! Ni uzito wake tu, unaoivuta chini na kupunguza mwendo wake. Na hao hao ndio wanaosema F = ma bila kukosa hata herufi.

Tusione haya, si siye wa kwanza. Eric Mazur ni mwalimu wa fizika katika universite ya Harvard, Marekani. Mwaka 1990 alisoma utafiti wa Halloun na Hestenes wa 1985, ulioonyesha kwamba mwanafunzi anaweza kupita mitihani na kubaki na mawazo yake ya zamani. Akajaribu wanafunzi wake mwenyewe. Akashangaa: waliofanya hesabu ngumu walikwama kwa maulizo mepesi. Basi akabadili njia. Anauliza, kila mmoja anachagua jibu lake kimya, majirani wanabishana, wanachagua tena, ndipo mwalimu anaeleza.

Mwaka 1998 Richard Hake alitoa hesabu ya wanafunzi 6542 katika kozi 62. Pale mwalimu aliposema peke yake, walipata kwa wastani 23% tu ya yale waliyokuwa hawajui mwanzoni. Pale walipojaribu na kubishana, 48%.

Walimu watasema: programu ni ndefu, darasa limejaa. Ni kweli. Lakini ulizo moja linaomba dakika tano, wala halidai laboratware. Embe inatosha. Na majirani wa kubishana nao tunao tele!

Siye nasi tuna kazi. Mwenzetu akikosa, tusimcheke. Akichekwa atanyamaza, na kosa lake litabaki kichwani mpaka Mtihani wa Serikali.

Yesu, alipokuwa na miaka 12, alikaa Hekaluni katikati ya walimu, akiwasikiliza na kuwauliza. Siye tunasikiliza na kunakili tu. Ninaomba basi: kila juma, ulizo moja kabla ya formile. Tuanze Jumatatu.

Mwanafunzi wa mwaka wa sita, seksio ya sayansi