Safari nafuu ya wikendi Kigali: Kitambulisho chatosha, siku mbili hazitoshi

MWALIMU au karani wa Kisii na Nyamira aliyesoma Kifaransa katika shule ya upili, na ambaye angependa kukisikia kikizungumzwa sokoni na mikahawani bila ya kuuza ng'ombe ili apate nauli, hana haja ya kuiwaza Paris. Goma, Bujumbura na Kigali zote zafikika kwa barabara, nazo zimo katika nchi wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki (EAC). Rwanda na Burundi zilijiunga mwaka wa 2007, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo ikafuata mwaka wa 2022.

Hayo ni ya kwenye ramani. Goma, ambao pengine ungemfaa zaidi msafiri wa Gusii kwa kuwa wenyeji wake huzungumza Kiswahili sambamba na Kifaransa, ulitekwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025. Mji huo si wa kupangia matembezi ya familia.

Bujumbura nao, ambako Kifaransa kingali na nguvu katika ofisi na magazeti, una kikwazo cha aina nyingine. Mnamo Januari 2024 serikali ya Burundi iliufunga mpaka wake na Rwanda, na hivyo kuikata njia ya mkato ipitayo Kigali. Njia iliyosalia ni ile ya kuzunguka Tanzania kupitia Isebania, Mwanza na kwingineko. Hapo ndipo penye kinaya kikubwa. Isebania ndio mpaka ulio karibu zaidi na watu wa Gusii, lakini kitambulisho cha kitaifa hakitambuliwi huko kama hati ya usafiri. Mkenya anahitaji pasipoti au kibali cha muda. Busia, ambao uko mbali zaidi kwao, ndio unaowapokea kwa kitambulisho.

Inabaki Kigali. Tangu Januari 2014, raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaruhusiwa kuvuka mipaka ya nchi hizo tatu kwa vitambulisho vyao vya kitaifa. Kwa mwananchi wa kipato cha chini, makubaliano hayo yana thamani kuliko hotuba nyingi zilizotolewa Arusha kuhusu Soko la Pamoja, kwani yamemwondolea gharama ya pasipoti na usumbufu wa kuifuatilia. Asisahau tu kadi ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo maafisa wa mipakani huweza kumdai.

Hata hivyo, aliyeokoa pesa kwa kitambulisho atazilipa kwa saa. Kutoka Kisii kupitia Kisumu na Busia hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 400. Kutoka Kampala hadi Kigali, kupitia Mbarara na Gatuna, ni takribani kilomita 500 nyingine. Anayetoka kazini Ijumaa jioni na kulala ndani ya basi atakuwa Kampala alfajiri, na Kigali Jumamosi jioni, hata akiongezewa ile saa moja ambayo Rwanda iko nyuma ya Kenya. Jumapili asubuhi itambidi aanze kurudi, naye hatafika kazini Jumatatu asubuhi. Safari ya ndege nayo ni ya kupitia Nairobi, na hapo neno "nafuu" halina maana tena.

Kwa hivyo wikendi ya kawaida haitoshi, na anayeitangaza anauza maneno. Inayowezekana ni ile ndefu ya siku nne, kama ya Pasaka: kuondoka Alhamisi jioni, kufika Ijumaa jioni, kushinda Jumamosi nzima mjini, kisha kuanza safari ya kurudi Jumapili alfajiri.

Je, atakisikia Kifaransa alichokifuata? Hapa ndipo wengi hushangaa. Mwaka wa 2008 serikali ya Rwanda iliamua kwamba Kiingereza ndicho kitakuwa lugha ya kufundishia, na mwaka uliofuata nchi hiyo ikajiunga na Jumuiya ya Madola. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi mwaka wa 2017, pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Kijana wa Kigali aliyeingia shule baada ya uamuzi huo huenda akamjibu mgeni kwa Kiingereza. Kifaransa atakipata zaidi kwa watu wa makamo na wazee waliosoma kabla ya hapo. Si kwamba Kigali imekitupa kabisa: Louise Mushikiwabo, aliyekuwa waziri wa mashauri ya kigeni wa Rwanda, alichaguliwa mwaka wa 2018 kuliongoza shirika la kimataifa la nchi zinazotumia Kifaransa, akachaguliwa tena mwaka wa 2022. Lakini cheo cha kidiplomasia ni jambo moja, na lugha ya muuza ndizi ni jambo jingine.

Kwa mkazi wa Gusii, mji wenyewe hautakuwa mgeni sana. Una vilima kama vya kwao, na ndizi za kupikwa zimejaa Soko la Kimironko. Makumbusho ya mauaji ya halaiki ya 1994 yaliyoko Gisozi, walikozikwa zaidi ya watu 250,000, hayatozi kiingilio.

Siasa nazo zisisahauliwe. Mpaka wa Gatuna ulifungwa Februari 2019 kwa sababu ya uhasama kati ya Kigali na Kampala, ukafunguliwa Januari 31, 2022. Kwa karibu miaka mitatu, kitambulisho kilikuwa halali huku njia kuu ikiwa imefungwa.

Anayepanga safari aitazame kalenda ya Rwanda pia. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ni siku ya umuganda, kazi za pamoja za kijamii, ambapo maduka na magari ya abiria husimama hadi saa tano asubuhi. Na Aprili 7, ambayo miaka mingine hukaribiana na Pasaka, huanza juma la maombolezo ambalo starehe za hadharani huwa zimesitishwa nchini kote.