Sungura wa Ngano Si Sungura wa Kizimba

Msomaji wa fasihi simulizi ya Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa Sungura ni nani. Ndiye mwenye kumghilibu Fisi na kumchezea shere Simba, kisha akatimua mbio. Lakini vichorwapo vitabu vya watoto, mhusika huyu huvishwa umbo la mgeni: mweupe, mnene, macho mekundu, amekaa kitako mlangoni pa shimo. Makala haya yanashikilia kwamba huo ni upotoshaji, na kwamba lugha yetu imeuchangia kwa kuwapa wanyama wawili jina moja. Ushahidi wenyewe umo katika fuvu.

Tuanze na nasaba. Sungura wa kizimbani, ambaye wanasayansi humwita Oryctolagus cuniculus, asili yake ni Rasi ya Iberia, huko Uhispania na Ureno. Huchimba mashimo, hubeba mimba kwa takriban siku 30, na wanawe huzaliwa uchi na vipofu. Wale wanaotimka mbele ya magari usiku katika nyika za Kenya ni wa jenasi nyingine, Lepus, wakiwemo Lepus capensis na Lepus victoriae. Hawa hulala juu ya ardhi, nyasini. Mimba ya jamaa yao wa Ulaya huchukua takriban siku 42, na watoto wa jenasi hii huzaliwa na manyoya, macho wazi. Wa kizimbani ana kromosomu 44, wa nyikani 48. Hawazaliani kamwe.

Mafuvu yao yana mengi ya kushirikiana. Nyuma ya meno mawili ya mbele ya taya la juu yamejificha mengine mawili madogo, na hiyo ni sababu mojawapo iliyomfanya Gidley, mwaka 1912, kuwatenga na jamii ya panya. Ubavuni mwa pua mfupa umetobokatoboka kama kitambaa cha kimia. Hata hivyo, fuvu likiwekwa mezani, kitako chake kikiwa sambamba na meza, tofauti hujitokeza: uso huinamia chini, na kiasi cha kuinama hutofautiana baina ya spishi na spishi. Kwa pika, jamaa yao mdogo wa milima ya Asia na Marekani Kaskazini, uso umenyooka karibu sawa na kitako. Mwaka 2015 Kraatz, Sherratt, Bumacod na Wedel walichapisha katika jarida la PeerJ vipimo vya mafuvu ya spishi nyingi, wakaonyesha kwamba kuinama huku kunaandamana na mwendo. Wasio na mbio maalumu uso wao huinama kidogo. Warukao na wakimbiao kwa kasi huinama zaidi. Walidhani kwamba pua imeshushwa ili isiyazibe macho, mnyama aone njia anapokwenda shoti. Dhana hii inaniridhisha. Mnyama asiye na shimo la kukimbilia hana budi kuiona ardhi iliyo mbele yake.

Kuna na ishara nyingine. Njia ya hewa nyuma ya kaakaa la Lepus ni pana kuliko ya mchimbaji, na mfupa mdogo wa kisogoni, ambao kwa mchimbaji hubaki umejitenga hata ukubwani, kwa Lepus huungana na jirani zake. Bramble, mwaka 1989, alipendekeza pia kwamba kiungo kilicho sehemu ya nyuma ya fuvu hupunguza mshtuko wa miguu inapogonga ardhi. Hilo nalipokea kwa tahadhari zaidi, kwani kupima mshtuko ndani ya kichwa cha mnyama anayekimbia si kazi nyepesi.

Fuvu la kizimbani, kwa upande wake, limeendelea kufinyangwa na binadamu. Darwin, katika kitabu chake cha 1868 juu ya wanyama na mimea ya kufugwa, alieleza jinsi masikio yaning'iniayo yalivyobadilisha mifupa iliyo karibu nayo. Sikio moja likilala na jingine likisimama, fuvu lenyewe hupoteza ulinganifu wa pande mbili. Mnyama wa namna hiyo ndiye tunayemkabidhi ujanja wa mababu zetu!

Wapo watakaosema "sungura-mwitu" yatosha. Haitoshi. Mchimbaji naye ana ndugu zake wa porini, wangaliko Uhispania hadi leo. Hao mfasiri atawaitaje? Akiwaita sungura-mwitu, amewachanganya upya na wakimbiaji wetu. Ngano za Waafrika waliotumwa utumwani Marekani zilimfanya mhusika wao kuwa Brer Rabbit, aliyeenezwa na kitabu cha Joel Chandler Harris cha 1880. Wao walikuwa na udhuru, kwa kuwa mnyama waliyemkuta huko alikuwa mwingine. Sisi udhuru wetu ni upi, ilhali mwenye ngano angali anakimbia nyikani kwetu?

Napendekeza jina "sungura" libaki kwa mwenyewe, yule wa ngano na wa nyika, na neno kongwe "kitungule", ambalo sasa linachakaa bila kazi, limwangukie mchimbaji. Wafugaji wataendelea kusema wasemavyo, wala hakuna wa kuwazuia. Ninaowalenga ni waandishi wa vitabu vya kiada, wafasiri na wachoraji.

Ugumu utazuka Uganda. Huko yupo Poelagus marjorita, ambaye Waingereza humwita kwa jina la mchimbaji na kumnasibisha na Bunyoro, ingawa si wa jenasi ya wa kizimbani wala ya Lepus. Kitungule halimfai, na sungura halimfai. Huyo atahitaji jina lake peke yake, na ningependa wenzetu wa huko, ambao lugha zao zimeishi naye, ndio wawe wa kwanza kulitoa.