Kiwanda Bila Karakana Si Kiwanda

Viwanda vya kubangua korosho vilivyojengwa katika Mikoa ya Mtwara na Lindi katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 vilikuwa fahari ya Taifa. Vilijengwa kwa mikopo ya Benki ya Dunia, na mitambo yake ilitoka Italia na Japani. Kabla ya muongo huo kwisha, vingi vilikuwa vimesimama.

Ni kweli kwamba korosho zenyewe ziliadimika. Taifa lililovuna tani 145,000 msimu wa 1973/74 lilivuna chini ya tani 20,000 msimu wa 1986/87. Lakini huo haukuwa ugonjwa pekee. Vipuri navyo vilingojea fedha za kigeni, na fedha za kigeni hazikuwapo.

Hapa hatuna budi kujiuliza: gia ni kitu gani hata mtambo mzima uisubiri kutoka ng'ambo?

Gia ni gurudumu la chuma lenye meno. Fundi hukikereza kipande cha chuma mpaka kiwe duara kamili, kisha huchonga meno, moja baada ya jingine. Hesabu yake ni ya darasani. Gia ya meno 20 yenye moduli ya milimita 3 huwa na kipenyo cha kazi cha milimita 60. Kifaa cha kugawia duara, ambacho kwa kawaida mkono wake huzungushwa mara 40 ili gia izunguke mara moja, huzungushwa mara 2 kwa kila jino. Kisha gia hupashwa moto na kuzimishwa katika mafuta ili meno yawe magumu, na mwisho husuguliwa kwa jiwe maalumu, kwa kipimo cha sehemu za mia za milimita. Jino likikosewa, meno mengine hulika upesi na mtambo husimama.

Basi kazi hii yataka nidhamu, wala si uchawi. Taifa lililitambua hilo mapema. Wachina waliojenga Reli ya Uhuru walituachia karakana ya Mang'ula, na Bulgaria ilitusaidia kujenga kiwanda cha mashine wilayani Hai katika miaka ya 1980. Lakini Hai na Mang'ula ni mbali na Newala, na mbali pia na mdomo wa Ruvuma.

Leo korosho nyingi za Kusini bado hupakiwa zikiwa ghafi kwenda India na Vietnam, na pamoja nazo tunasafirisha kazi za vijana wetu. Kwa hiyo kila mpango wa kiwanda kipya unaofika mezani kwa mtumishi wa umma na uulizwe swali moja: gia ikivunjika, nani ataichonga, na wapi? Jibu likiwa ni ng'ambo, mpango huo haujakamilika. Mwalimu naye, anapofundisha mzingo wa duara, na aishike gia mkononi. Shule ya Sekondari ya Ufundi ya Mtwara na iwe mbele katika kazi hiyo.

Azimio la Arusha la 1967 lilitukumbusha kwamba fedha si msingi wa maendeleo. Msingi ni watu, na mikono yao iliyofunzwa.