Kipya Si Lazima Kipite

Kuna imani iliyoota mizizi maofisini: kompyuta salama ni yenye toleo jipya kabisa la kila programu, na anayerudi nyuma ni mvivu au mshamba. Imani hiyo ni ya uongo, na pale Grande Barrière, kivuko cha mpakani kati ya Gisenyi, Rwanda, na Goma, Kongo, uongo wa namna hiyo hulipiwa kwa lori lililosimama.

Mtazame wakala wa forodha. Rwanda na Kongo zote hutumia ASYCUDA World, mfumo wa forodha wa UNCTAD, shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo, ambao upande wa Kongo huitwa Sydonia. Umeandikwa kwa Java, na kwa miaka mingi, katika nchi nyingi, ulifunguliwa kupitia Java Web Start. Septemba 2018 Oracle ikatoa Java 11 na kuing'oa Web Start humo. Palipotegemewa Web Start, aliyetii amri ya "sasisha kila kitu" alibaki na Java mpya na mfumo usiofunguka. Mwenye Java 8, iliyotoka Machi 2014, aliendelea kujaza hati za mizigo. Mshamba ni nani hapo?

Wenye imani hiyo watanijibu kwa WannaCry, kirusi kilichofunga kompyuta duniani kote Mei 2017. Sawa, lakini kiraka cha Microsoft kilikuwa kimetoka Machi mwaka ule ule. Walioumia walikosa kiraka. Java 8 bado inapata viraka vya usalama. Vivyo hivyo, afisa wa uhamiaji haoni haya kugonga muhuri kwenye pasi ya miaka minne. Anachotafuta ni kama muda wake haujaisha.

Tena upya nao huleta maradhi. Machi 2024 mhandisi wa programu Andres Freund aliona kuingia kwenye seva kwa SSH kunachelewa takriban nusu sekunde. Alipochimba, akakuta mlango wa siri umepachikwa ndani ya xz, programu ya kubana faili, matoleo 5.6.0 na 5.6.1, yaliyokuwa mapya kuliko yote. Waliokuwa kwenye Linux ya Debian thabiti, yenye toleo la zamani la xz, hawakuguswa. Dawa kwa waliokwisha kusasisha ilikuwa ile ile inayodharauliwa: kurudi nyuma.

Ila kurudi nyuma kuna adabu yake. Usiokote faili la zamani kwenye tovuti usiyoijua wala kwenye flashi ya rafiki. Iachie kazi programu ya kusimamia vifurushi, inayokagua saini na kuleta programu tegemezi. Kwenye Debian na Ubuntu, `apt list -a` huonyesha matoleo yaliyopo, `apt install jina=toleo` huleta unalotaka, na `apt-mark hold` hulizuia lisipandishwe. Java 8 na Java 11 hukaa pamoja bila ugomvi. Amri ya `update-alternatives` huchagua ipi itumike. Nakili data yako kwanza, maana hifadhidata iliyokwisha kubadilishwa na toleo jipya huenda isisomeke na la zamani. Na kwa kuwa `hold` huzuia hata viraka, andika kwenye karatasi sababu yake na tarehe ya kuipitia upya.

Karatasi hiyo moja yenye majina, matoleo na sababu inamlinda wakala kuliko sasisho la usiku lisilo na mwenyewe. Bosi anayedai namba kubwa kwenye kila kompyuta aandike naye, kwa sahihi yake, atakayelipa maegesho lori likikwama.