Bunduki ya ubao, hatari ya kweli: Vijana wa filamu Bunda wajipange vipi?

Chukua picha hii. Vijana watano wa kata ya Kabasa, Bunda, wana simu moja yenye kamera nzuri na wanaigiza tukio la ujambazi. Mmoja kafunika uso, mkononi ana bunduki aliyoichonga kwa ubao na kuipaka rangi nyeusi. Wao wanajua ni mchezo. Mama anayepita na ndoo kichwani hajui. Anapiga yowe.

Si unajua Mara yowe likipigwa inakuwaje? Watu hawaji mikono mitupu, na hakuna atakayesimama kuuliza kama kamera iko wapi.

Huu ni mfano tu, lakini kila kijana anayetengeneza filamu au vichekesho vya mtandaoni anapaswa kuufikiria kabla hajasema "action". Swali ambalo wengi huuliza ni moja: bunduki ya bandia ni halali au si halali? Kwa maoni yangu swali la kwanza lingekuwa: nani ataiona, na ameambiwa nini?

Kibali kwanza

Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inataka kibali kabla ya kutengeneza filamu, na anayesimamia ni Bodi ya Filamu Tanzania. Haisemi kwamba wewe ni mdogo basi hikuhusu. Kwa mtu wa Bunda, mlango wa karibu ni ofisa utamaduni wa halmashauri. Mpelekee hadithi yako, mwambie wazi kwamba kuna matukio ya silaha.

Kusema kweli, utaratibu huu unawafaa zaidi wenye kampuni kuliko vijana wanaorekodi Jumamosi mchana wakiwa na bando la elfu moja. Ndiyo maana wengi wanauruka. Tatizo ni kwamba siku mambo yakiharibika, karatasi hiyo ndiyo pekee itakayoonyesha kwamba mlikuwa kazini.

Kibali cha filamu pia si ruhusa ya silaha. Silaha zina sheria yake, ya mwaka 2015, na wa kuongea nao hapo ni polisi.

Usichomelee bomba

Hapa ndipo watu wa kwetu wanaponzwa kirahisi. Fundi anakwambia, "Ngoja nikuwekee bomba la chuma, itapendeza kwenye kamera." Kataa. Bomba, kitako cha mti na kifyatulio ni umbo la gobore, na gobore ni silaha kamili kisheria hata kama limetengenezwa uani kwa mtu. Bunda inapakana na Hifadhi ya Serengeti, eneo ambalo askari wa wanyamapori wanapambana na majangili miaka yote. Ukikutwa na kitu cha namna hiyo porini, maelezo yako ya filamu yatasikilizwa ukiwa tayari umekaa chini, kama una bahati.

Tumia ubao mzima usio na tundu, au plastiki. Anayeishika kwa karibu aone mara moja kwamba haiwezi kufyatua kitu.

Na itaonekana vizuri tu. Majirani zetu Uganda wameshaonyesha. Isaac Nabwana, kutoka mtaa wa Wakaliga jijini Kampala, alitengeneza "Who Killed Captain Alex?" mwaka 2010 kwa bajeti ndogo sana. Bunduki zao ni mbao na vyuma chakavu (hivyo vyuma, narudia, visikuvutie), na moto unaotoka mdomoni mwa bunduki uliwekwa kwa kompyuta. Filamu hiyo imetazamwa na mamilioni duniani. Leo hata programu za simu zinaweka moshi na mlio.

Bunduki ya kweli kuazima kwa mlinzi au kwa mjomba mwenye leseni? Hapana kabisa. Oktoba 21, 2021, kwenye filamu ya "Rust" huko New Mexico, Marekani, mpiga picha Halyna Hutchins aliuawa kwa risasi ya moto iliyokuwa ndani ya bastola ya kuigizia. Wale walikuwa na msimamizi wa silaha anayelipwa. Wewe una nani?

Sare nazo

Jambazi kwenye filamu lazima akimbizwe na askari, basi vijana wanatafuta kombati. Agosti 2023 JWTZ ilitoa siku saba kwa raia kusalimisha mavazi yanayofanana na sare zake. Shona nguo ya rangi yako mwenyewe, ubuni beji isiyokuwepo.

Siku ya kurekodi

Mwenyekiti wa kitongoji au mtaa ajue siku, saa na mahali. Kituo cha polisi kijue pia, na mbaki na nakala ya barua yenye mhuri. Rekodini ndani ya uzio au shambani kwa mwenyeji, mbali na barabara kuu ya Mwanza–Musoma. Bunduki isafiri ndani ya mfuko, isipakatwe kwenye bodaboda. Mtu mmoja aitunze, na asimwazime yeyote. Unyang'anyi wa kutumia silaha adhabu yake haipungui miaka 30 jela, na hutaki ubao wako uwe kielelezo mahakamani.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii: klipu yenyewe. Sekunde ishirini zikikatwa na kurushwa kwenye magrupu ya WhatsApp zitaitwa "ujambazi Bunda leo". Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa taarifa za uongo, na wa kwanza kutafutwa ni aliye kwenye video. Weka neno IGIZO juu ya picha, kubwa, kuanzia mwanzo hadi mwisho, mahali ambapo haliwezi kukatwa bila kukata sura za waigizaji.