Rangi Mpya, Ukuta wa Zamani: Kabla Hujanunua Nyumba "Iliyokarabatiwa" Korogwe au Handeni

Leo tuache mambo ya wabunge kidogo. Nataka tuongee habari ya nyumba, maana hili jambo limenigusa mpaka nyumbani.

Mjomba wangu amestaafu juzi juzi. Hela yake ya kiinua mgongo imetoka, na yeye hataki kuanza kujenga na umri ule, kuhangaika na mafundi, simenti kupanda bei, mchanga kuibiwa. Anataka nyumba iliyokwisha. Dalali akampeleka kuona moja hapa Korogwe, karibu na barabara kuu. Nikaenda naye.

Kusema kweli nyumba inavutia. Bati la msauzi, jipsamu ndani, malumalu sebuleni mpaka unaona sura yako, madirisha ya aluminiamu, na mbele wameongeza fremu mbili za biashara. Dalali anasema, "Mzee, hapa unaingia na begi lako tu. Nyumba imefanyiwa ukarabati yote." Mimi nikauliza, "Na kibali cha huo ukarabati kipo?" Jamaa akacheka. Akaniambia, "Dogo, kibali cha nini? Hii ghorofa?"

Mjomba naye akacheka kidogo. Lakini njiani kurudi akaniuliza, "Mjomba, hicho kibali ulichokuwa unauliza ni kitu gani hasa?" Ndo nikaanza kutafuta. Nilichopata naomba niwawekee hapa.

KIBALI SI CHA GHOROFA TU

Wengi tunaamini kibali cha ujenzi ni cha matajiri wa Dar wanaopandisha ghorofa. Si kweli. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inasema kwenye eneo la mipango miji huruhusiwi kuendeleza ardhi bila idhini ya mamlaka ya upangaji, na mamlaka yenyewe ni halmashauri. Mji wa Korogwe una halmashauri yake, mji wa Handeni una yake. Na "kuendeleza" si kujenga kuanzia msingi tu. Ukiongeza vyumba, ukigeuza nyumba ya kuishi kuwa maduka, hayo nayo yamo. Kupaka rangi na kubadilisha kitasa hakuna atakayekufuata. Ila ukishagusa ukuta unaobeba nyumba, ukaongeza fremu au ukabadili matumizi, umeingia kwenye mambo ya kibali.

Sasa swali: kama aliyekarabati bila kibali ni muuzaji, mnunuzi anahusikaje? Anahusika kwa sababu kosa haliondoki na muuzaji. Muuzaji anaondoka na milioni zake, nyumba inabaki na wewe. Siku halmashauri ikileta notisi ya kusimamisha au kuondoa kilichoongezwa, italetwa pale nyumba ilipo, na pale utakuwepo wewe. Hapo ndo watu hawaelewi. Tunadhani tunanunua kuta na bati, kumbe tunanunua na madeni ya kuta na bati.

MAMBO MATATU YANAYOFICHWA NA RANGI

La kwanza ni UKUTA WENYEWE. Nyumba nyingi za zamani huku kwetu ni za tofali za udongo, na nyingine ni mbavu za mbwa kabisa, fito na udongo. Hakuna aibu hapo, wengi tumezaliwa humo. Tatizo ni pale mtu anapopiga lipu ya simenti juu ya udongo, anaskimu, anapaka rangi ya krimu, halafu anaiuza kwa bei ya nyumba ya tofali za bloku. Lipu ya simenti haishikamani vizuri na ukuta wa udongo. Masika mawili matatu maji yakipenya, inaanza kuvimba na kudondoka. Wengine wanabomoa ukuta wa kati ili sebule iwe kubwa, na juu hawaweki linta ya maana. Wengine wanapandisha bati zito juu ya kenchi za zamani. Kwa macho ni nyumba mpya. Kwa mzigo ni nyumba ya zamani iliyoongezewa shida.

Kama unaona natishia watu, kumbuka Kariakoo. Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024 asubuhi, jengo la ghorofa nne liliporomoka na watu wasiopungua 29 wakapoteza maisha. Lile halikuwa jengo jipya. Lilikuwa limesimama, watu wanauza bidhaa zao humo, na taarifa za wakati ule zilitaja kazi ya kuchimba chini yake ili kupata nafasi zaidi ya maduka. Rais Samia akaagiza majengo ya Kariakoo yakaguliwe. Najua Korogwe si Kariakoo, na nyumba ya chini haiui kama ghorofa. Lakini somo ni lile lile: jengo lililosimama miaka mingi linaweza kuangushwa na ukarabati. Ndo maana mhandisi anatakiwa aone mchoro KABLA, sio aitwe kuhesabu majeruhi.

La pili ni BARABARA. Hapa Korogwe barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha inapita mjini. Handeni nako lami ya kutoka Korogwe na ile ya kwenda Mkata zimebadilisha kabisa thamani ya viwanja vya pembeni. Kila mtu anataka fremu inayotazama lami. Sasa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliweka hifadhi ya mita 30 kutoka katikati ya barabara kila upande, kwa barabara kuu na za mikoa. Kabla ya hapo ilikuwa mita 22.5. Ndo maana mliona X za rangi mbili. X ya kijani ni ya yule aliyekutwa na sheria mpya, huyo analipwa fidia. X nyekundu ni ya yule aliyeifuata barabara, huyo anabomolewa bila senti.

Nyumba yenyewe inaweza kuwa salama kabisa nje ya mita 30. Ila zile fremu mbili zilizoongezwa mbele zimeingia ndani. Na hizo fremu ndo dalali anazozipigia hesabu: "Mzee, kodi ya fremu tu itakulisha." Na rangi mpya inafunika X kama inavyofunika ufa. Mwaka 2017 kule Kimara mpaka Mbezi, Dar es Salaam, nyumba nyingi zilibomolewa kwa ajili ya barabara, na watu walilia mbele ya kamera wakisema wamekaa miaka mingi. Mwaka huo huo hata jengo la makao makuu ya TANESCO pale Ubungo lilikatwa kwa agizo la Rais Magufuli. Kama shirika la serikali halikuachwa, fremu ya mjomba itaachwa na nani?

La tatu ni MATUMIZI. Hati inaandika kiwanja ni cha nini: makazi, biashara, au vyote viwili. Kiwanja cha makazi ukikijaza fremu na gesti bila kubadili matumizi, umevunja masharti ya hati. Na hapa kuna jambo la Handeni hasa. Mitaa mingi iliyo mjini leo ilikuwa vijiji jana. Mtu alinunua shamba kwa karatasi ya kijiji, akajenga, mji ukamfuata. Ramani ya mipango miji ikachorwa baadaye. Unaweza ukakuta nyumba nzuri, imekarabatiwa, kumbe kwenye mchoro pale ni barabara ya mtaa au eneo la wazi.

"LAKINI NINA MUHURI WA SERIKALI YA MTAA"

Hii ndo kinga ya wengi. Mwenyekiti wa mtaa kashuhudia, muhuri umepigwa, wazee wamekunywa soda. Sikatai, ushahidi wa mtaa una kazi yake: unaonyesha nani alimuuzia nani, na majirani wanajua mipaka. Lakini mwenyekiti wa mtaa hatoi kibali cha ujenzi. Muhuri wake unasema mauziano yamefanyika. Hausemi ukuta uko sawa wala kwamba fremu iko nje ya hifadhi ya barabara.

Kuna na hii nyingine: "Mbona nalipa kodi ya jengo kwenye LUKU? Serikali inaitambua nyumba yangu." Ni kweli tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa unaponunua umeme. Lakini mita haijui kibali. Kulipa kodi hakuhalalishi ujenzi.

Na wale wanaosema "nikidanganywa nitaenda mahakamani", nendeni mkaisome Sheria ya Mikataba, kifungu cha 19. Ni kweli mkataba uliopatikana kwa udanganyifu unaweza kuutaka uvunjwe. Lakini kifungu hicho hicho kina tundu: kama ungeweza kuujua ukweli kwa uangalifu wa kawaida tu, yule aliyenyamaza anaweza kujitetea kwa hilo hilo. Yaani wakili wa muuzaji atakuuliza: ofisi ya ardhi ya halmashauri ipo, mhandisi yupo, kwa nini hukwenda kuuliza? Utajibu nini? Kwamba dalali alicheka?

TUSIWALAUMU WANANCHI PEKE YAO

Kwa nini watu hawaombi kibali? Sio wote ni wakorofi. Ukiomba unatakiwa uwe na uthibitisho wa umiliki, na ramani iliyochorwa na mtu anayetambulika. Mtu anayeongeza chumba kimoja cha mwanae anaona gharama ya karatasi inakaribia gharama ya chumba. Mwingine kiwanja chake hakijapimwa, kwa hiyo hata pa kuanzia hana. Urasimishaji wa makazi umesaidia baadhi ya mitaa, lakini nao unahusu ardhi na mipaka. Haukagui nondo.

Siku hizi maombi ya kibali yanapita kwenye mfumo wa TAUSI mtandaoni, ni hatua nzuri. Ila mzee wa Sindeni au Kwamsisi hajui TAUSI ni ndege au ni nini. Sisi tunaojua kubonyeza ndo tuwasaidie wazee wetu. Na halmashauri nazo, badala ya kusubiri mtu amalize kujenga ndo waje na rangi nyekundu, wapite mitaani wakati msingi unachimbwa. Nondo zinaonekana, mchanga umemwagwa barabarani, kila mtu anaona. Rangi nyekundu ya mwisho inamkuta mnunuzi, aliyejenga keshaondoka.

UFANYE NINI KABLA YA KUTOA HELA

1. Omba nakala ya hati au barua ya toleo, nenda nayo ofisi ya ardhi ya halmashauri. Uliza kiwanja ni cha nani, matumizi yake ni nini, na kodi ya pango la ardhi inadaiwa kiasi gani. Kama kina hati, fanya upekuzi ofisi ya ardhi ya mkoa, Tanga, ujue kama kimewekwa rehani.

2. Omba kibali cha ujenzi na cha nyongeza. Kama hakipo, muulize mhandisi wa halmashauri kama kinaweza kuhalalishwa, na nani atalipa. Hilo liandikwe kwenye mkataba.

3. Kama nyumba iko karibu na barabara, chukua futi ya kamba. Pima kutoka katikati ya lami. Ukipata chini ya mita 30, simama hapo hapo, kaulize TANROADS.

4. Nenda na fundi WAKO, sio fundi wa dalali. Agonge kuta, aangalie kona za madirisha, apande darini aone kenchi. Muuzaji akikataa fundi asitoboe hata tundu dogo kwenye lipu, umeshapata jibu.

5. Kama muuzaji ana mke au mume, ridhaa ya mwenza iwe ya maandishi. Sheria ya Ndoa ya 1971 inalinda nyumba ya familia.

6. Kama ni kijijini, halmashauri ya kijiji ihusike kama Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inavyotaka, si mwenyekiti peke yake gizani.

Mjomba aliyafanya machache. Alipima na futi. Nyumba ilikuwa nje, fremu zote mbili zilikuwa ndani ya mita 30. Akamwambia muuzaji, kwa heshima tu, waende wote halmashauri, na bei ipungue kwa kiasi cha fremu. Muuzaji akasema atafikiria. Baada ya siku tano dalali akapiga simu: "Mzee, umechelewa, imeshachukuliwa. Mteja kaja kutoka Dar, kalipa taslimu."

Mjomba hela yake bado ipo benki, anaendelea kutafuta. Mimi namfikiria huyo aliyenunua. Simjui. Labda na yeye ni mstaafu. Sijui kama alipima.

Kama ni wewe, au unamjua, bado hujachelewa kabisa. Nenda halmashauri mwenyewe kabla hawajakufuata. Anayekwenda kuuliza mapema ana nafasi ya kuelewana nao kuliko anayekutwa.

Wadau mliopo Segera, Mombo, Mkata, Kabuku, huko kwenu hali ikoje? Kuna aliyeongeza vyumba akapata kibali bila kuzungushwa? Tuambiane hapo chini, matusi hapana.

Nawasilisha.