Pendekezo Lisilojadiliwa: Mitambo ya Watalii na Mitaa ya Eastlands

Utangulizi

Limezuka dai miongoni mwa baadhi ya wasomi wetu, hasa wale waliovuka kutoka uhakiki wa fasihi na kuingia katika kile kinachoitwa utalii wa kitamaduni, kwamba programu za simu zinazompendekezea mtalii mahali pa kwenda ni chombo kipya cha kueneza mitazamo mbalimbali ya utamaduni. Zamani, wanasema, mgeni alitegemea kitabu kimoja cha mwongozo kilichoandikwa na mgeni mwenzake. Leo anasikia sauti za maelfu. Mitaa ya Eastlands ya Nairobi, ambayo vitabu vile mara nyingi viliiruka au kuitaja kwa onyo tu, inaambiwa ifurahi kwamba zamu yake imefika.

Makala haya yanalipinga dai hilo. Hatuipingi teknolojia kwa kuwa ni teknolojia, wala hatudai kwamba mgeni abaki kwake. Tunachokipinga ni kuchanganya wingi wa kura na wingi wa mitazamo. Hoja yetu ni kwamba mitambo ya mapendekezo, kwa jinsi ilivyoundwa, huondoa kile hasa kinachoufanya utamaduni wa mtaa kuwa utamaduni, yaani mabishano ya wenyeji kuhusu maana ya mahali pao. Aidha, tunadai kwamba wahakiki wa fasihi ndio waliopaswa kuliona hili mapema, kwani pendekezo ni aina ya uhakiki.

Neno na Ukumbi

Tuanze na lugha, maana ndiyo kazi yetu. Kitenzi pendekeza kimetokana na penda kupitia pendeka: ni kukifanya kitu kipendeke. Katika mkutano, pendekezo ni hoja inayowekwa mbele ya watu ili iungwe mkono, irekebishwe au ipingwe. Mtoaji wake anajulikana kwa jina na anaweza kuulizwa sababu. Lakini kitenzi hicho hicho kikitiwa kiambishi cha kujirejea kinageuka aibu: kujipendekeza ni kujidhalilisha mbele ya mwenye uwezo ili kupata fadhila zake. Mgogoro wetu umo kati ya maana hizi mbili.

Eastlands inaijua vyema maana ya kwanza. Tarehe 23 Aprili 1950, mkutano wa pamoja wa Kenya African Union na East African Indian National Congress ulifanyika katika ukumbi wa Kaloleni, mtaa uliojengwa katika miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika. Makhan Singh alisimama akapendekeza azimio lililokuwa mbele ya mkutano lirekebishwe, akitaka uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Mwezi uliofuata alikamatwa na serikali ya kikoloni, na hakuachiliwa hadi mwaka 1961. Hilo lilikuwa pendekezo: lilitolewa hadharani, mbele ya watu walioweza kulikataa, na mtoaji wake akaligharimia.

Leo ukumbi huo huo waweza kuingizwa katika orodha ya simu kama jengo la kihistoria, ukapewa nyota nne na nusu. Swali la mhakiki ni hili: nani aliyependekeza, kwa nani, na nani aliyepata nafasi ya kupinga?

Mtambo Unavyosoma

Msingi wa mitambo hii uliwekwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 1992 watafiti wa kampuni ya Xerox huko California walieleza mfumo ulioitwa Tapestry, uliochuja ujumbe kwa kutegemea maoni ya wasomaji wengine. Mwaka 1994 ukafuata mfumo wa GroupLens, uliokisia habari ambazo msomaji angezipenda kwa kumlinganisha na wasomaji waliokubaliana naye hapo awali. Mbinu zimeongezeka mno tangu wakati huo, lakini dhana hii ya msingi ingali inatumika: watu waliokubaliana jana watakubaliana kesho.

Dhana hiyo ina matokeo mawili. La kwanza ni kwamba mgeni hulishwa maoni ya wageni waliofanana naye. Anasafiri maelfu ya kilomita kisha anaongozwa na jirani yake. La pili ni kwamba mahali pasipopigiwa kura hapapendekezwi. Na kwa kuwa hapapendekezwi, hapafikiwi wala hapapati kura. Mwenye nacho huongezewa.

Tazama Nairobi inayojulikana kwa wageni. Ni Hifadhi ya Taifa ya Nairobi iliyoanzishwa mwaka 1946, ni twiga wa Lang'ata, ni jumba la makumbusho la Karen Blixen. Kitabu cha Blixen, Out of Africa, kilitoka mwaka 1937. Filamu yake ikatoka mwaka 1985. Jumba likafunguliwa kwa umma mwaka 1986. Kitabu kilizaa filamu, filamu ikaleta wageni, wageni wakapiga kura, na kura zikazaa mapendekezo. Mtambo haukumsoma Blixen, lakini unamtii. Kile kinachouzwa kama sauti za maelfu ni mwangwi wa kitabu kimoja cha mlowezi mmoja. Sisi tuliotumia miongo kadhaa kufundisha jinsi ya kuihoji kazi hiyo darasani tunaombwa sasa tuipokee tena kwa kuwa imevaa vazi la hesabu.

Tatizo la Wastani

Watetezi watajibu kwamba ufumbuzi ni kuongeza kura za wenyeji. Na tufanye hivyo, walau katika fikra. Tuchukue mfano wa kubuni: mzee wa Kaloleni anaukumbuka ukumbi ule kama mahali ambapo wazazi wake walijifunza siasa, naye anatoa nyota tano. Binti aliyezaliwa mtaani humo haoni sababu ya kusifu kuta wakati mfereji wa maji mbele ya nyumba yao ni mkavu, naye anatoa nyota moja. Mtambo unajumlisha na kugawanya: nyota tatu. Lakini hakuna aliyesema tatu. Mitazamo miwili ya kweli imeuawa ili kuzaa wa tatu usio na mwenyewe.

Mshairi wa Kiswahili asingekubali jambo hili. Muyaka bin Haji wa Mombasa alipojibizana kwa mashairi na washairi wa Lamu, hakuna aliyefikiria kuchukua beti za pande zote mbili na kutafuta wastani wake. Thamani ilikuwa katika majibizano yenyewe. Msikilizaji aliachiwa pande zote mbili, naye akaamua.

Lugha nayo inaleta ugumu wa pekee. Eastlands ndiko Sheng ilikokomaa, na ndiko Kalamashaka wa Dandora walikofanya Kiswahili cha mtaani kuwa lugha ya rap katika miaka ya 1990. Kijana anaposema kuwa mtaa wake ni noma, huenda anaonya juu ya hatari, na huenda anausifu kupita kiasi. Mara nyingine anafanya yote mawili kwa pumzi moja, na hapo ndipo ufundi ulipo. Mtambo unaotaka kujua kama maoni ni mema au mabaya sharti uchague moja. Ukichagua, umekwisha kumsingizia msemaji.

Chukua tena Pumwani. Mwanahistoria Luise White, katika The Comforts of Home (1990), alitegemea kwa kiasi kikubwa ushuhuda wa wanawake wazee waliowahi kufanya umalaya Nairobi wakati wa ukoloni. Baadhi yao walitumia mapato yao kujenga nyumba Pumwani na kuwa wenye nyumba mjini. Kwa watawala walikuwa tatizo la afya na utulivu. Kwa maelezo yao wenyewe walikuwa watu waliofanya kazi na kujipatia mali. Marjorie Oludhe Macgoye naye, katika Coming to Birth (1986), anamleta Paulina, mke kijana kutoka upande wa Kisumu, katika Pumwani ya wakati wa Hali ya Hatari, na kumfanya apotee njia mjini. Msomaji anaujua mji kwa kupotea pamoja naye. Ni programu gani itakayompendekezea mgeni apotee? Au imwambie kwamba heshima ya nyumba anayoipiga picha bado inabishaniwa?

Utetezi na Majibu Yake

Zipo hoja mbili za upande wa pili ambazo haifai kuzipuuza. Ya kwanza ni ya riziki. Kijana wa Dandora au Kariobangi anayewatembeza wageni anapata chakula, na msomi mwenye mshahara hana haki ya kumfungia mlango. Hoja hii ni nzito na tunaikubali. Lakini kukubali kwamba biashara inalisha si sawa na kukubali kwamba inasambaza mitazamo. Tena kijana yule, akijua kuwa nyota zake ndizo zitakazomletea mteja wa kesho, hujifunza upesi kusema yale yanayompendeza mgeni. Hapo pendekezo linageuka kuwa kujipendekeza, na kosa si lake.

Hoja ya pili ni ya kitaalamu: kwamba mitambo ya sasa inaweza kuelekezwa itoe matokeo anuwai. Ni kweli kwamba wataalamu wa kompyuta wameshughulikia anuwai kwa muda mrefu. Lakini katika vipimo vyao vya kawaida, anuwai ni tofauti ya vitu ndani ya orodha moja: makumbusho moja, soko moja, mkahawa mmoja, ukumbi mmoja wa muziki. Kwa kipimo hicho soko la Kariokor likiwekwa kando ya jumba la Blixen, kazi imekwisha. Mhakiki anadai anuwai ya namna nyingine, yaani tofauti ya misimamo juu ya kitu kimoja. Jina Kariokor linatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi Waafrika waliotumikishwa katika Vita Kuu ya Kwanza. Mgeni anayeelekezwa huko kwa ajili ya vyondo na nyama choma tu amepewa kitu cha ziada katika orodha yake, lakini hakupewa mtazamo wowote.

Kinachohatarishwa

Mtu aweza kuuliza kwa nini tunachachawa kwa jambo la watalii. Tunachachawa kwa sababu mitaa yenyewe inaondoka. Kijiji cha Waafrika cha Pangani kilibomolewa na wakoloni mwishoni mwa miaka ya 1930, na wakazi wake wakahamishiwa Shauri Moyo. Nyumba za manispaa zilizokuja kulibeba jina hilo la Pangani nazo zimebomolewa katika miaka ya hivi karibuni, na majengo ya ghorofa yamechukua nafasi yake. Mitaa mingine ya zamani ya Eastlands imo katika mipango ya namna hiyo hiyo. Katika mtambo, mahali palipobomolewa ni mahali palipofungwa, na kazi ya orodha ni kumwonyesha mgeni palipo wazi leo. Tukiuachia mtambo kumbukumbu ya mitaa hii, tutakuwa tumeikabidhi kwa mlinzi ambaye kazi yake ni kusahau.

Hitimisho

Tunapendekeza basi yafuatayo. Wanafunzi wetu wa uzamili, ambao wengi wao wanaishi Umoja, Kayole na Buruburu na kila asubuhi hupita katika mitaa hii wakiwa ndani ya matatu, wachague mahali pamoja pamoja: ukumbi, soko, kiwanja, kituo cha magari. Wakusanye masimulizi yanayopingana kuhusu kila mahali, katika Kiswahili na Sheng, kwa ridhaa ya wasimulizi na kwa majina wanayotaka kuitwa. Masimulizi hayo yasijumlishwe, yasipewe nyota, wala yasifupishwe kuwa aya moja yenye busara. Yawekwe kando kwa kando, pamoja na lile la mkazi anayesema kwamba hataki mgeni aje. Kama wapo mafundi wa kompyuta wanaoweza kuyafikisha yalivyo kwenye simu ya mgeni, tutawakaribisha kwa mikono miwili, kwa kuwa hapo teknolojia itakuwa imebeba mitazamo kweli.

Pendekezo hili tunalitoa kwa maana yake ya Kaloleni. Anayelipinga na asimame, ataje jina lake, na atueleze sababu.